Je, Umuyenzi Unasababisha Saratani? Somo la Protini Kinasi C kwa Mizani ya Usuli

  



Muhula huu ujumbe mmoja umezunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Unasema kwamba umuyenzi, ule mmea wa uzio unaouona karibu kila kilima cha Rwanda, umethibitishwa kusababisha saratani kwa watoto, na kwamba kila familia ing'oe uzio wake haraka. Haikupita wiki ukafuata ujumbe wa pili unaosema kinyume chake: maziwa ya umuyenzi yanatibu saratani, tia matone machache kwenye maji unywe kila asubuhi. Wapo waliozituma jumbe zote mbili kwa siku moja.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, na biolojia ya somo hili nimeisoma nikiwa na ndugu zetu wa kitivo cha tiba pembeni yangu, nikiwauliza neno kwa neno. Kilichonivutia ni kwamba jumbe zote mbili zina mzizi mmoja. Mzizi huo ni kimeng'enya kidogo kilichomo ndani ya seli zetu, kinachoitwa protini kinasi C, au kwa kifupi PKC. Kilichonivutia zaidi ni kwamba swali la watu, yaani "unasababisha au hausababishi?", ni swali ambalo wanazuoni wetu wa Usulul-Fiqh wamelitengenezea mizani tangu zamani. Basi na tusome taratibu.

Mmea wenyewe

Umuyenzi kwa jina la kisayansi ni Euphorbia tirucalli. Kwa Kiswahili wapo wanaouita mnyaa, na wapo wanaouita mtupa. Waluo wa Kenya huuita ojuok. Matawi yake ni ya kijani, membamba kama penseli, na majani yake ni madogo mno, huanguka mapema. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Ng'ombe na mbuzi hawaupendi, ukame hauuui, na tawi likichomekwa tu ardhini hushika. Ndiyo maana wazee wetu waliuchagua uwe uzio.

Maziwa yake ni makali. Yakigusa ngozi huwasha na hata kutoa malengelenge. Yakiingia jichoni huumiza vibaya, na yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Katika sehemu mbalimbali yametumika kama sumu ya kuvulia samaki. Haya wazee waliyajua bila maabara. Maabara imekuja kutueleza ndani ya maziwa hayo mna nini, na kinapofika kwenye seli kinafanya nini.

PKC ni nini na inafanya kazi gani

Mwili wa mwanadamu una seli nyingi mno, na kila moja imezungukwa na utando. Homoni au mjumbe mwingine akitoka sehemu moja ya mwili kuja kuiambia seli jambo, mara nyingi haingii ndani. Anabisha hodi kwenye kipokezi kilichopo juu ya utando. Swali ni hili: habari inafikaje ndani ilhali mjumbe amebaki nje?

Inafika kwa kupokezana. Kipokezi kikiguswa huamsha kimeng'enya kinachokata aina fulani ya mafuta yaliyomo kwenye utando wenyewe. Vipande viwili hupatikana. Kipande cha kwanza huondoka kwenye utando, huenda kwenye ghala la kalsiamu ndani ya seli na kulifungua. Kipande cha pili, kinachoitwa diasailigliseroli, hubaki pale pale kwenye utando. Kalsiamu iliyotoka ghalani na diasailigliseroli iliyobaki mlangoni, kwa pamoja, huivuta PKC hadi kwenye utando na kuiamsha.

Kabla ya hapo PKC ilikuwa imelala, tena imejifunga yenyewe. Sehemu moja ya mwili wake ilikuwa imeziba mdomo wake wa kufanyia kazi, mfano wa kisu kilichomo alani. Ikiamshwa, ile sehemu huachia, na PKC huanza kazi yake, nayo ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa fosfati hubadilika tabia: iliyokuwa imezimwa huwaka, iliyokuwa inawaka huzima. Kwa njia hii seli huambiwa ikue, au igawanyike, au itoe homoni, au ijikinge.

Aliyeigundua PKC ni Yasutomi Nishizuka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kobe nchini Japani, mwaka 1977. Leo tunajua kwamba si moja bali ni ukoo: mwanadamu ana jeni 9 za ukoo huu. Si wote katika ukoo huo wanaohitaji kalsiamu, na wapo wasiohitaji hata diasailigliseroli.

Jambo la kushika hapa, kwa sababu somo lote linaliegemea, ni kwamba ishara hii imekusudiwa iwe fupi. Diasailigliseroli ikishafanya kazi huvunjwa upesi, na PKC hurudi kulala. Fikiria adhana. Faida yake ni kuita kisha kunyamaza, ili watu wapange safu na imamu aanze. Lau adhana isingekuwa na mwisho, watu wangekuwa wameshafika na safu zimenyooka, lakini hakuna ambaye angesikia takbira. Kosa halingekuwa katika maneno ya adhana, maana maneno ni yale yale. Kosa lingekuwa ni kukosa mwisho.

Maradhi yanapoingia

Mfano ulio karibu nasi ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu, diasailigliseroli huongezeka ndani ya seli za mishipa ya damu, na PKC hukaa macho kuliko inavyotakiwa. Hii ni mojawapo ya njia ambazo sukari huharibu mishipa midogo ya macho na figo. Kampuni ya Eli Lilly ilitengeneza dawa ya kuzima aina moja ya PKC, ruboxistaurin, kwa ajili ya macho ya wagonjwa wa kisukari. Ilifika hatua za mwisho za majaribio, lakini mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilidai ushahidi zaidi, na idhini ya kuuzwa haikupatikana. Kwa hiyo kuijua njia ya ugonjwa si sawa na kuipata dawa yake. Hili tutalihitaji mbele.

Sasa turudi kwenye uzio. Ndani ya maziwa ya umuyenzi mna kemikali za jamii ya foboli. Mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba foboli huiamsha PKC moja kwa moja, kwa kukaa pale pale ambapo diasailigliseroli hukaa. Ni ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kufuli halisi. Tofauti yake ni kwamba seli haiwezi kuivunja foboli upesi. Diasailigliseroli hufungua mlango na kuondoka. Foboli hufungua na kung'ang'ania.

Ndiyo maana kwenye maabara foboli zinajulikana kuwa vichochezi vya uvimbe. Zikipakwa peke yake kwenye ngozi ya panya, kwa kawaida hazianzishi saratani. Lakini ngozi ikiwa imeshaguswa na kitu kingine kilichoharibu jeni, foboli huisukuma seli ile iliyoharibika igawanyike na kuongezeka. Shika neno hilo: vichochezi.

Ugonjwa uliotajwa kwenye ujumbe

Saratani ya watoto inayohusishwa na umuyenzi ni limfoma ya Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine kama yeye, kisha wengine, na mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri takriban maili 10,000 kupitia Afrika ya Mashariki hadi kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnaona watoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ilishangaza. Ugonjwa ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi, na ulikuwa mwingi kwenye nchi za chini zenye mbu.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein. Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na sampuli ikachelewa. Ilipofika maji yake yalikuwa na weupe wa utusitusi, kana kwamba imeoza. Epstein alipoiangalia kwa hadubini akaona seli hai zinaelea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ambavyo leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, yaani EBV.

Hapa ndipo PKC inaporudi. EBV ikishaingia kwenye seli nyeupe za damu zinazoitwa seli B, hulala humo maisha yote ya mtu. Mwaka 1978 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba foboli huviamsha virusi hivi. Njia yake tumeshaisoma: foboli huiamsha PKC, PKC hupeleka amri hadi kwenye kiini cha seli, na jeni ya virusi inayoanzisha kuzaliana huwashwa. Miaka ya 1980 Yohei Ito na wenzake kutoka Japani wakaonyesha kwamba hata maji yaliyochujwa kutoka umuyenzi yanaviamsha virusi hivyo kwenye seli za maabara. Mwaka 1993 ukachapishwa utafiti wa Malawi uliokuta mmea huu mara nyingi zaidi karibu na nyumba za watoto wenye ugonjwa kuliko nyumba za watoto waliolinganishwa nao.

Basi ujumbe wa kwanza haukutunga kila kitu. Uhusiano upo, na njia yake ndani ya seli inajulikana. Lakini je, hiyo ndiyo maana ya "kusababisha"?

Mizani: sababu, sharti, kizuizi

Wanafunzi wa Usuli wanalijua somo hili, na ndugu wa vitivo vingine watalielewa kwa mfano mmoja wa mirathi.

Sababu ni kitu ambacho kikiwepo, jambo huwepo, na kisipokuwepo, jambo halipo. Katika mirathi, nasaba ni sababu ya kurithi.

Sharti ni kitu ambacho kisipokuwepo, jambo halipo, lakini kuwepo kwake peke yake hakulazimishi jambo liwepo. Mrithi kuwa hai wakati mrithiwa anapofariki ni sharti. Jirani yako naye yu hai siku hiyo, lakini harithi chochote.

Kizuizi ni kitu ambacho kikiwepo, jambo huondoka hata kama sababu na sharti vimetimia. Mtoto aliyemuua mzazi wake harithi, japokuwa nasaba ipo na uhai upo.

Sasa tuchukue mizani hii tupime. Mizani ya Usuli iliwekwa kwa ajili ya hukumu za sheria, na mwili una njia zake, lakini kama nidhamu ya kufikiri inatusaidia sana.

Tuanze na EBV. Katika eneo letu karibu kila uvimbe wa Burkitt una virusi hivi. Lakini watoto wengi mno wa Afrika huvipata wakiwa bado wadogo sana, na wanaougua ni wachache miongoni mwa maelfu. Kwa hiyo EBV, kwa ugonjwa huu wa kwetu, inafanana na sharti. Kuwa nayo ni kama kuwa hai siku ya msiba: peke yake hakukupi fungu. Miaka ya 1970 huko West Nile, Uganda, watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 na kusubiri. Waliokuja kuugua walionekana walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya EBV tangu kabla ya ugonjwa. Maana yake ni kwamba si kuwepo kwa virusi tu, bali jinsi mwili ulivyokuwa unapambana navyo.

Kisha kuna jeni. Katika seli za Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC huwa kimehama, mara nyingi kwenda kromosomu ya 14. MYC ni jeni ya ukuaji, na ikihamia huko haipati wa kuizima. Kasoro hii hupatikana karibu katika kila uvimbe wa aina hii. Katika vyote tulivyovitaja, hiki ndicho kilicho karibu zaidi na sababu.

Malaria je? Malaria kali inayorudi rudi huzichochea seli B zigawanyike sana, na hudhoofisha ulinzi unaovibana virusi. Kila seli inapogawanyika upo uwezekano wa kromosomu kukatika pasipotakiwa. Malaria basi si sababu kwa maana ya Usuli, wala si sharti. Ni msaidizi: huongeza uwezekano.

Na umuyenzi? Ni mtuhumiwa wa kuwa msaidizi. Tuhuma ina msingi, maana kwenye maabara tumeuona ukiviamsha virusi kupitia PKC. Lakini lau ungekuwa sababu, ugonjwa ungekuwa mwingi kila palipo na uzio wake. Rwanda yetu imejaa imiyenzi, na sehemu kubwa ya nchi ipo juu ya zile mita 1,500 ambako ugonjwa huu ni nadra. Tena, kule kwenye nchi za chini mmea na mbu huishi kijiji kimoja, na ni vigumu kuutenganisha mkono wa mmoja na wa mwingine kwa kuhesabu nyumba tu.

Kupima kwa kuondoa

Katika njia za kuitambua ila ya hukumu wanazuoni wametaja duwarani: jambo kuzunguka pamoja na sifa fulani, ikiwepo lipo, ikiondoka linaondoka. Pombe ina hukumu yake inapolevya, na ikigeuka siki hukumu hubadilika. Wanasayansi nao wana njia kama hiyo: ondoa kitu, kisha uone kama ugonjwa unaondoka nacho.

Walijaribu Tanzania. Katika wilaya ya North Mara, karibu na Ziwa Victoria, kuanzia 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kupunguza malaria, na kila mgonjwa wa Burkitt akahesabiwa. Ugonjwa ulishuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyoandikwa hapo kabla. Ungetegemea watafiti washangilie. Lakini walipochapisha matokeo mwaka 1989 walisema wazi kwamba kushuka kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, na kwamba malaria yenyewe ilishuka mwanzoni kisha ikapanda tena wakati klorokwini bado inatolewa. Hawakudai walichokuwa hawana.

Ndugu zangu, mimi nimejifunza adabu kwa watu hao. Miaka mingi ya kazi, wilaya nzima, na bado wakaacha neno lao lifike pale ushahidi ulipofika, lisivuke. Allah katika Suratul-Israa, aya ya 36, ametukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kidole kinachosambaza ujumbe kinatumwa na hivyo vitatu. Kwa umuyenzi, jaribio la namna ile ya North Mara halipo. Anayesema "umethibitishwa kusababisha" amevuka.

Ujumbe wa pili: eti ni dawa

Ujumbe wa pili ni hatari zaidi kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza utakufanya ung'oe uzio, na wa pili utakufanya unywe sumu. Haukuanzia kwetu. Huko Brazili mmea huu huu, kwa jina la aveloz, umetumika kienyeji kama dawa ya saratani.

Wanaoutetea husema: si PKC inahusika na saratani? Basi kitu kinachoigusa PKC kitatibu. Tazama jinsi hoja hiyo inavyoruka. Kwa miaka mingi hata wataalamu walidhani PKC ni rafiki wa saratani, wakajaribu dawa za kuizima kwa wagonjwa, na dawa hizo hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Mwaka 2015 kundi la Alexandra Newton, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilipima mabadiliko ya PKC yaliyopatikana kwenye saratani za binadamu. Mengi ya yale waliyoyapima yalikuwa yanaidhoofisha PKC, wala hayaiongezei nguvu. Yaani huenda katika saratani nyingi PKC ilikuwa mlinzi aliyeangushwa. Na foboli ikiiamsha PKC muda mrefu, seli mwishowe huibomoa PKC hiyo yenyewe. Kengele inayopigwa bila kukoma huungua.

Upo pia mfano wa mmea ndugu. Kutokana na Euphorbia peplus ilitengenezwa dawa ya kupaka, ingenol mebutate, kwa ajili ya madoa ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani. Kiini chake nacho huigusa PKC. Kilisafishwa, kikapimwa kwa kipimo kidogo, na mwaka 2012 kikaidhinishwa Marekani. Mwaka 2020 idhini yake Ulaya iliondolewa, baada ya kuonekana saratani ya ngozi ikiwapata zaidi baadhi ya waliotumia. Hiyo ni dawa iliyopimwa. Je, tawi lililovunjwa uani, ambalo hakuna ajuaye tone moja lina foboli kiasi gani?

Fiqhi ina neno hapa. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi kutoka kwa Amr bin Shuayb, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Ibnul-Qayyim ameieleza kwa urefu katika Zadul-Maad. Ndugu yangu, ukimtumia shangazi yako kijijini maelezo ya kunywa maziwa ya umuyenzi naye akayafuata, wewe umesimama mahali gani katika hadithi hiyo?

Kwa hiyo tufanye nini

Yakini tuliyo nayo ni chache, lakini inatosha kutendea kazi.

Kwanza, maziwa ya umuyenzi yanadhuru ngozi na macho. Hilo halina shaka. Watoto wasichezee matawi yake wala wasiyatumie kama miswaki au silaha za mchezo. Anayekata uzio avae kitu cha kukinga macho na mikono. Yakiingia jichoni, osha hapo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Usiyapake kwenye kidonda, na usiyanywe. Kanuni ya kutojidhuru na kutodhuru wengine inatosha hapa bila kuhitaji saratani.

Pili, hakuna haja ya kuwatisha wazee wetu wang'oe uzio usiku huu. Anayetaka kupanda uzio mpya pale watoto wanapocheza na achague mmea mwingine. Hiyo ni tahadhari njema, lakini si hukumu.

Tatu, tulale ndani ya vyandarua na kuwalaza wadogo zetu humo, na homa ya malaria itibiwe mapema. Malaria inaua hata bila kusaidia saratani.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Lakini pia ni miongoni mwa za kwanza kuonekana zinapona kwa dawa peke yake. Hapo Mulago watoto walipewa saiklofosfamidi na uvimbe ukayeyuka ndani ya siku chache, na mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha kuwatibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapa kwetu, kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilifunguliwa mwaka 2012, na watoto wenye ugonjwa huu hutibiwa huko.

Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo ukamkuta mtoto ana uvimbe wa taya unaokua wiki kwa wiki, meno yanalegea bila sababu, jicho linasukumwa nje au tumbo linavimba, usingoje, wala usiruhusu wiki tatu za majani kwanza. Chukua kadi ya mituweli, mpeleke kituo cha afya, na omba rufaa. Mtume (rehema na amani zimshukie) aliamrisha kutafuta tiba, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Na kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, kuchelewa wiki tatu si subira.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Eleza kwa nini foboli huiamsha PKC kwa muda mrefu kuliko diasailigliseroli.
2. Kwa mizani ya sababu, sharti na kizuizi, iweke EBV mahali pake. Chandarua ungekiweka wapi?
3. Watafiti wa North Mara wangeweza kusema nini wakasifiwa zaidi, na kwa nini hawakukisema?
4. Chukua ujumbe wowote wa afya uliotumiwa wiki hii. Tafuta ndani yake neno "husababisha", na uulize: ni sababu, ni sharti, au ni msaidizi tu?

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, awaponye watoto wetu walio wodini, awape nguvu wazazi wanaolala pembeni yao, na atujaalie kunyamaza pale elimu yetu inapoishia. Wabillahi tawfiiq, wallahu a'lam.